Kibofu cha Shangazi

12 Februari

Mwanangu Profesa,

Pokea salamu za mtaa mzima. Tangu nishike kalamu asubuhi hii, kila anayepita mlangoni ananiuliza naandika nini. Nikimwambia namwandikia mwanangu wa maabara, anasema, "Mwambie namsalimu." Basi nimeshakwambia.

Baba yako hajambo. Goti ndilo linalomsumbua, mdomo bado mzima. Juzi kaipaka nyumba yake rangi ya kijani ambayo hata mimi dada yake, niliyezeekea kwenye mapipa ya rangi, sijui niiite nini. Nilimwambia inafanana na maji ya mboga yaliyolala. Amenuna mpaka leo. Ukimpigia, isifie tu yaishe.

Kazi ipo. Shule ya wasichana imeleta sketi zote zitiwe bluu upya, karakana inafuka mvuke kutwa nzima na mikono yangu ni ya bluu hadi viwikoni. Fundi cherehani wa mlango wa pili anasema nikifa watanizika kama mwanafunzi. Hana adabu yule mtu, lakini ndiye anayenisaidia kukamua mapazia mazito, namvumilia.

Na huyo Fundi ana swali kwako, maana nilimwambia wewe unafanya kazi na mambo ya mkojo. Anauliza: mtu akienda haja ndogo akaona wekundu, halafu ukapotea, halafu ukarudi, hiyo ni nini? Haumwi popote. Zahanati wamempa vidonge vya maambukizi, akavimaliza, wakampa vingine. Mwanzoni alidhani ni rangi imemwingia, maana huwa ananisaidia na rangi nyekundu. Anaona haya kukuandikia mwenyewe, nikamwambia nitamuulizia. Jibu ukipata nafasi.

Usipige simu kwa ajili ya hilo. Hapa dukani kila mtu ana masikio, na Fundi ana haya.

Ni mimi Shangazi yako.


26 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzima. Chumba changu kipya kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, lakini asubuhi jua hupiga ule ukuta na mwanga hurudi kwangu, kwa hiyo silalamiki. Baba nimempigia. Nimesema kijani kile kinatuliza macho. Amefurahi, akaniambia kuna watu wengine katika ukoo huu hawajui rangi.

Kazini bado nafuga seli. Kila siku nazipa chakula, nazibadilishia maji, nazitazama kwa hadubini kama zimeamka vizuri. Sikuwahi kukwambia ni seli za nini kwa sababu kila nilipotaka kukwambia ulikuwa unakula. Ni za saratani ya kibofu cha mkojo. Kwa hiyo swali la Fundi limenikuta nyumbani kwangu.

Mwambie hivi. Damu kwenye mkojo, hasa isiyouma, si jambo la kungoja. Huenda likawa dogo. Lakini aende hospitali kubwa, aombe kuangaliwa ndani ya kibofu kwa kamera, na asikubali tena vidonge kabla ya hapo.

Tena mwambie jambo limenishangaza. Wanaopewa vidonge vya maambukizi mara kwa mara namna hiyo, bila kupelekwa kwenye kamera, mara nyingi ni wanawake. Mwanamume akitoa damu, watu hushtuka mapema. Sasa Fundi, mwanamume mzima mwenye ndevu, imekuwaje? Labda pale zahanati walimdhania mwanamke.

Simu sipigi, kama ulivyotaka. Lakini ujumbe huu umfikie leo hii, Shangazi, kabla hujafunga duka.

Mwanao.


30 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako amepata mkanda wa kukaza goti, anatembea kama askari wa gwaride. Sketi za shule zimekwisha, na wasichana wamefurahi.

Fundi hajambo na hajawahi kuumwa. Ni mimi. Nadhani ulijua tangu mstari wa kwanza.

Nilimsomea barua yako kwa sababu ya pale kwenye ndevu. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia, akafunga kibanda chake mchana kweupe wateja wakiwa wamesimama, akanipeleka hospitali kubwa mwenyewe.

Kamera yao ni nyembamba kuliko kalamu hii. Nililala nikitazama televisheni ndogo ya ukutani, na ndani ya televisheni kikatokea kibofu changu. Maisha yangu yote nilidhani huko ndani ni kweusi kama kisima. Kumbe ni waridi, mwanangu. Waridi jepesi lenye mishipa myekundu imetawanyika, kama kitambaa kilichotiwa rangi na mtu mwenye mkono mwepesi sana. Nilitaka kumwambia daktari asiondoe kamera kwanza. Kisha akaisogeza pembeni, na hapo palikuwa na kitu kama uyoga kimeota ukutani. Nesi akanishika bega.

Wakakata kinyama wakakipima. Saratani. Imeingia kwenye msuli wa kibofu na imefika kwenye tezi za nyonga, kwa hiyo kukiondoa kibofu peke yake hakutatosha. Ile dawa kali ya dripu ambayo hutangulia, wamesema figo zangu hazitaibeba. Watanipa nyingine, ya kuichochea kinga ya mwili.

Daktari aliniuliza nimefanya kazi gani. Nikamwonyesha mikono. Akasema baadhi ya rangi za zamani, zile tulizokuwa tukichanganya bila glavu, huenda zimechangia, na huenda hazikuchangia, hakuna wa kujua kwa uhakika. Sasa navaa glavu. Fundi ananiita daktari wa upasuaji wa mapazia.

Niandikie. Simu usipige. Sauti yangu siku hizi haina adabu, inakatika ovyo, na sitaki uisikie.

Shangazi yako.


9 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya maabara. Nikaingia chooni, nikafungulia bomba ili nisisikike. Sasa nimetulia.

Nataka nikwambie jambo moja kabla ya mengine. Nimesoma kuhusu kibofu kwenye vitabu vinene vya kila aina. Nimeona picha zake zisizo na idadi. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ni kizuri. Wewe umelala pale na hofu yako, na bado umeona rangi. Nimemsomea mkuu wetu wa maabara yale maneno yako, bila kusema ni ya nani. Ni mama mkali asiyecheka na mtu. Akavua miwani, akasema, "Huyo mtu anajua kutazama."

Sasa dawa yako. Mwilini una walinzi, chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yao ni kuzunguka na kuua kisichostahili kuwepo. Ili wasiue ovyo, wamewekewa breki. Saratani imejifunza kukanyaga breki hiyo. Mlinzi anafika mpaka mlangoni kwake, anasimama, anageuka. Dawa utakayopewa inaondoa mguu wa saratani kwenye breki. Haiui saratani yenyewe. Wanaoua ni walinzi wako.

Ikikubali, hukubali vizuri sana. Lakini si kwa kila mtu, nami sitakudanganya: wengi haiwakubali. Kuharisha kukizidi, kifua kikibana, macho yakiwa ya manjano, usikae nyumbani ukijikaza. Walinzi walioachiwa wanaweza kugeukia hata mwili wako.

Nilipokaa kwako wakati wa shule, ulikuwa unaamka kabla yangu na kulala baada yangu, na sijawahi kukusikia ukisema umechoka. Sasa sema. Tafadhali.

Mwanao.


21 Julai

Profesa wangu,

Usinune kwa kimya changu. Nilikuwa nangoja niwe na habari njema ya kuandika, ikachelewa, nikaona niandike hiyo niliyo nayo.

Baba yako ameacha mkanda wa goti. Nyumba ameipaka upya, sasa ni nyeupe. Sikusema kitu.

Dawa inaingia kwa dripu kila baada ya wiki kadhaa, na tunaokwenda siku moja tumeshazoeana. Kiti cha pembeni yangu hukaa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha hesabu mpaka sauti ikamkauka. Ugonjwa wetu ni uleule. Anavaa tai hata siku ya dripu. Nilipomuuliza tai ya nini, akasema, "Mama, sindano nayo ni mgeni." Kila nesi akipita anamuuliza swali. Kwa nini mfuko huu umefunikwa usipigwe na mwanga? Kwa nini leo dripu inashuka polepole? Wengine wanamwona msumbufu. Mimi nimejifunza mengi kwa kukaa kimya pembeni yake.

Wiki iliyopita wametupiga picha kwenye ile mashine kubwa. Uyoga wangu haukupungua. Umeongezeka kidogo. Wa Mwalimu vilevile.

Daktari akatuita, kila mtu kwa wakati wake. Kuna utafiti, anasema. Watatuendelezea dripu ileile, na watatuongezea kidonge. Dawa ya epijenetiki. Nilimwomba alirudie hilo neno mpaka nikaliweza. Akasema maabara zinazosaidiana na utafiti huo ziko mbali, akataja mji wako.

Ni kazi yenu, siyo? Niambie mwanangu, niingie au nisiingie?

Shangazi yako.


2 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kwamba una jirani kama Mwalimu. Mtu anayemvalia tai sindano ni wa kukaa naye karibu.

Ndiyo, ni kazi yetu. Seli nilizozilisha ndizo zilizofundisha watu kuhusu kidonge hicho, kwa sehemu ndogo. Na kwa sababu hiyohiyo siwezi kukwambia ingia au usiingie. Nikikwambia ingia, utaingia kwa ajili yangu. Ninachoweza ni kukueleza, kisha uamue wewe.

Kila seli ina maelekezo yote ya mwili mzima ndani yake. Ya jicho, ya ngozi, ya ini, yote. Ili seli ya jicho isijifanye ini, maelekezo isiyoyahitaji huwekewa alama ndogo za kemikali, kama kurasa zilizobandikwa zisifunguke. Hazijachanwa. Maneno yote yapo, ila hayasomeki. Hiyo ndiyo epijenetiki: namna ya kufunga na kufungua bila kubadilisha maandishi.

Saratani yako ni mjanja. Imezibandika kurasa zinazoieleza seli jinsi ya kuonyesha kitambulisho chake kwa nje. Walinzi wanapita, hawaoni cha kuwashtua. Tuliwaondolea breki, ni kweli, lakini mtu hawezi kumkamata asiyemwona. Kidonge hiki kinabandua. Seli ikilazimika kuonyesha kitambulisho, walinzi wanaitambua. Kwenye chupa zetu nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Usiku ule sikulala kwa furaha. Lakini chupa si mtu, Shangazi, na watu waliokwisha kujaribiwa ni wachache. Kuna waliopata nafuu kubwa. Kuna ambao haikuwasaidia chochote. Kidonge kinaweza kushusha damu na kukuchosha sana.

Ukiingia, watakuuliza kama una ndugu kwenye utafiti huu. Sema ndiyo. Na mimi nitasema kwa upande wangu.

Mwanao.


19 Agosti

Mwanangu,

Nimeingia. Mwalimu naye ameingia, baada ya kumhoji daktari mpaka yule kijana akaomba maji ya kunywa. Barua yako nilimpa aisome. Ile habari ya kurasa zilizobandikwa ameisoma mara mbili, akasema ungekuwa mwanafunzi wake angekukalisha mbele.

Mimi nimejieleza hivi: kidonge kinawasha taa, dripu inawaambia walinzi wasiogope. Daktari amecheka, amesema niendelee hivyohivyo.

Waliniuliza kuhusu ndugu. Nikasema ninaye, tena nikasema kwa sauti kubwa ili chumba kizima kisikie.

Shangazi yako.


14 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

Huku ni baridi kidogo na mvua. Nimenunua mwavuli, upepo ukaugeuza siku hiyohiyo. Baba ananiambia unakula vizuri.

Kazi inaendelea. Siku hizi napima mawe ya figo. Yana maumbo mazuri ukiyakata, mengine kama kokwa.

Vipi vidonge? Vipi uchovu? Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao.


8 Novemba

Mwanangu Profesa,

Sisi wazima kabisa. Hati utaiona ni ya Fundi. Nimejikata kidole na mkasi, natamka naye anaandika, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Hapa mambo yanakwenda. Mapazia ya ukumbi wa mikutano nimeyatia rangi ya zambarau, yamependeza sana. Baba yako ameanza kucheza bao na anashindwa na kila mtu.

Umeniambia mawe ya figo. Mbona seli zako huzitaji tena? Barua nzima hakuna seli hata moja. Au zimekuudhi? Niambie.

Mimi Fundi naongeza hapa. Shangazi yako amesinzia katikati ya sentensi. Kidole chake hakina neno, na mapazia ya zambarau nimeyatia mimi, yametoka madoa. Tuko wodini. Ameharisha mpaka akashindwa kusimama, nimembeba kwa mikono yangu, amekuwa mwepesi kama kanzu isiyo na mtu. Wamesimamisha dawa zote mbili. Alinikataza nisikwambie. Sijakwambia, nimeandika tu. Baba yako naye amekatazwa.

Akiamka atataka nimsomee nilichoandika. Nitaruka hapa.


10 Januari

Mwanangu,

Tangu uondoke nimekuwa nikitafuta namna ya kuianza barua hii. Fundi namwona kila siku na sijamsamehe. Leo kaniletea uji, nikaunywa bila kumtazama. Alisema, "Endelea kununa, mradi unakunywa."

Ulikuja na basi la kwanza. Ulikaa kando ya kitanda changu ukinipangusa, ukanilisha, ukawauliza madaktari maswali ambayo Mwalimu angeyapigia makofi. Dawa ya kuwatuliza walinzi wangu ilipoanza kufanya kazi, ulikuwa umenishika mkono. Siku zote hizo nilikuuliza kazi inaendaje, ukasema vizuri.

Juzi wodini wamekuja wageni kuangalia utafiti. Mmoja ni mama wa miwani, mkali, hatabasamu. Akasimama kwenye kitanda changu, akatazama mikono yangu, ambayo bluu haijawahi kutoka yote. Akaniuliza, "Ni wewe uliyesema kibofu ni waridi?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi ni wewe uliyeninyang'anya mkono wangu wa kulia."

Nikamuuliza mkono gani. Ndipo akanieleza. Kwamba siku ileile uliyopata barua yangu ya Julai, kabla hata hujanijibu, uliingia ofisini kwake ukamwambia shangazi yako anaweza kuingia kwenye utafiti, na kwa hiyo wewe inabidi utoke. Kwamba alikwambia ungoje kwanza uone kama nitakubali, wewe ukakataa, ukasema usije ukajikuta unaombea niseme hapana. Ukazikabidhi chupa zako zote kwa mwenzako. Ukaenda kupima mawe.

Nilikuwa nimelala, nikakaa. Nikamuuliza, "Alilia?" Akasema, "Mbele yangu hakulia. Aliosha meza yake, akaondoka." Kisha akasema taratibu, "Nimefundisha watu wengi. Wenye akili ni wengi. Mwenye akili anayejua lini auweke chini mkono wake, nimempata mmoja."

Mwanangu. Mimi nilificha kuharisha, nikajiona hodari wa kuficha.

Sasa sikiliza. Dawa zimesimama tangu Novemba. Daktari alinitayarisha nisitarajie makubwa. Wakanipiga picha, kisha wakanirudisha kwenye chumba cha kamera. Nikatazama televisheni. Akaizungusha kamera taratibu, akarudi, akazungusha tena, akamwita mwenzake. Uyoga haupo. Pale ulipokuwa pana kovu dogo jeupe. Tezi za nyonga zimenywea, karibu zirudi kawaida. Daktari anasema walinzi wakishamjua mtu hawamsahau kwa urahisi, hata dawa ikiondolewa. Hasemi nimepona. Anasema ataendelea kutazama kila baada ya miezi kadhaa, na mimi nimemwambia atazame anavyotaka, kibofu changu kina sura ya kutazamwa.

Ningependa kumaliza hapo. Mwalimu amefariki. Kwake vidonge havikufanya kitu. Wiki zake za mwisho nilikuwa naenda na kiti changu kukaa naye. Hakulalamika hata mara moja kwamba mimi nanenepa na yeye anaisha, na nilikuwa naona aibu kuingia nikiwa na nguvu. Akaniona, akasema, "Mama, acha kuinama. Umefaulu mtihani, hukuniibia majibu." Alimwita daktari akaagiza akifa wachukue kinyama cha uvimbe wake wakitumie. Alisema, "Sisi wawili tulipewa dawa moja, siku moja, ugonjwa mmoja. Yeye imemkubali, mimi imenikataa. Hilo ni swali zuri sana. Mtu asiliache likapotea." Alikuwa amevaa tai.

Shangazi yako.


3 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma barua yako kazini, mezani kwangu, mbele ya watu, na safari hii sikwenda chooni. Nililia hapohapo. Mwenzangu wa meza ya pili alileta karatasi za kupangusia vioo.

Sikukwambia kwa sababu ungetoka kwenye utafiti. Nakujua. Ungesema huwezi kuniharibia kazi, ungerudi kwenye mapipa yako na kuvaa glavu, na leo ningekuwa naandika barua hii kwa Baba. Kupima mawe si adhabu. Kila asubuhi nilipita mlango wa chumba cha seli nikijua kwamba huko ndani kuna watu wanaofanya kazi kwa ajili yako bila kujua jina lako, na kwamba hakuna hata mmoja atakayejidanganya kwa sababu anakupenda. Mimi ningejidanganya. Ningeona nafuu mahali isipo.

Hilo kovu jeupe, nilitazame mimi siku moja? Nitamwomba daktari wako picha.

Kuhusu Mwalimu. Nimekaa na habari yake siku kadhaa. Ni kweli alivyosema, ni swali zuri sana, na ndilo swali gumu kuliko yote tuliyo nayo. Pengine kurasa zake zilibanduka lakini walinzi walikuwa wamechoka. Pengine zilibandikwa kwa namna nyingine ambayo kidonge hiki hakiigusi. Hatujui.

Jana Mkuu aliniita. Wewe bado uko chini ya utafiti ule, kwa hiyo kule sitarudi, na sikuomba. Lakini anaanzisha kazi nyingine, peke yake, ya wale ambao dawa iliwakataa tu. Vinyama vyao vimehifadhiwa, vina namba, havina majina. Wewe si mmoja wao wala hutakuwa. Ameniuliza kama naitaka. Nikamwambia kuna mstaafu mmoja ameacha swali. Akasema, "Najua. Alinihoji hata mimi, kwa simu." Kisha akanipa ufunguo.

Nimeanza leo. Sijui kama nitajibu chochote, Shangazi. Inaweza kuchukua miaka.

Mwanao.


20 Februari

Mwanangu,

Hatujambo sote. Baba yako amemshinda mtu bao, mzee asiyeona vizuri, na anatembea mtaani kama kashinda uchaguzi. Mimi nimerudi karakanani nusu siku. Fundi nimemsamehe Jumanne, kwa masharti.

Barua yako niliikunja nikaenda nayo kwa mke wa Mwalimu. Anaishi ghorofa ya pili, nimepanda ngazi bila kupumzika, nikafurahi peke yangu pale mlangoni. Ndani ni safi, vitabu vya hesabu vimejaa mpaka juu ya friji. Alinikaribisha kwa upole, lakini niliona anajiuliza nimefuata nini, mimi niliyebaki.

Nikamwambia, "Lile swali la mumeo limepata mtu."

Akaenda dirishani, akarekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro. Nikamsubiri. Kisha akauliza, akiwa bado amenipa mgongo, "Ni mtu wa namna gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari za shule ulizosoma na maabara. Nikashindwa. Nikamwambia, "Ni mtu ambaye akisema hajui, hajui kweli."

Akageuka. Akavuta kiti, akakaa karibu nami, akasema, "Basi nisomee."

Nikamsomea yote.

Shangazi yako.